Jirani wa chini aliniletea maji kwa sufuria, ndipo nikajua grauti ni nini

MAMA anayeishi chini yangu alibisha mlango Jumapili moja asubuhi akiwa ameshika sufuria. Nilidhani ameniletea mandazi, kwa sababu ndiyo biashara yake. Nikachungulia ndani. Yalikuwa maji, rangi ya chai ya rangi, kina cha vidole viwili hivi.

"Kijana, haya ni yako," akaniambia. "Yameanza kudondoka jana usiku ukioga. Nimeona nikurudishie."

Hakupaza sauti hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Nikashuka naye floo ya kwanza. Kwenye kona ya jikoni, pale dari inapokutana na ukuta, kulikuwa na doa la ukubwa wa sinia. Rangi imechubuka, pembeni kumeota chumvi nyeupe kama ya baharini. Chini ya doa ndipo anapopanga unga. Pakiti nne zilikuwa zimelowa na kugandana.

"Pole sana, mathe," nikasema. Sikuwa na lingine la kusema.

Tunaishi Ngara, kwenye zile ghorofa za zamani zilizogawanywa zikawa bedsita. Bafu langu ni mita moja kwa mita moja na kidogo, choo na shawa pamoja, sakafu ya vigae vya sentimita 20 ambavyo vilibandikwa kabla sijazaliwa. Vigae vyenyewe viko sawa. Shida ilikuwa katikati yake. Ile mistari inayotenganisha kigae na kigae ilikuwa imeliwa, mahali pengine kina cha kucha ya kidole, mahali pengine haipo kabisa.

Keateka alipokuja aliangalia sekunde tano, akatoa hukumu. "Bosi, landlodi akituma fundi wake, bili inakatwa kwa dipoziti yako."

Dipoziti yangu ni Sh14,000. Kama umewahi kuhama keja Nairobi, unajua safari ya pesa hizo kurudi mfukoni mwako. Nikaamua hii kitu nitaitengeneza mwenyewe.

Kosa la kwanza: kupaka juu ya bovu

Nilienda hadiwea nikanunua simiti nyeupe ya kupimiwa, nusu kilo. Nikaikoroga na maji kwenye mkebe wa margarini mpaka ikawa kama uji wa mtoto, nikaipaka kwa vidole juu ya ile mistari ya zamani. Ilichukua dakika ishirini. Sakafu ikang'aa. Nikapiga picha, nikaweka kwa status ya WhatsApp, marafiki wakanipa makofi.

Usiku vidole vikaanza kuwasha, ngozi ikachubuka kwenye ncha. Sikujua simiti mbichi huunguza. Ni kali kama magadi, tena haikuambii papo hapo, unajua baadaye.

Siku kumi na saba baadaye ile simiti ilianza kubanduka vipande vipande, nyembamba kama ganda la yai. Siku ya kumi na nane mama wa chini akabisha tena. Safari hii hakuja na sufuria. Alisema neno moja tu: "Kijana."

Halafu akaniambia kuna mzee wa vigae ambaye hunywa chai kwake kila asubuhi kabla ya kwenda mjengo. "Mngoje saa kumi na mbili. Usije na mikono mitupu."

Fundi na sarafu ya mbao

Mzee huyo amebandika vigae tangu enzi za vile vidogo vya rangi ya samawati. Kazi nzima aliniambia ni Sh4,000. Nilipomwambia nilicho nacho, akacheka. Tukakubaliana Sh500 na chai: yeye aje aangalie, anionyeshe, mikono iwe yangu.

Kitu cha kwanza hakugusa vigae. Alitaka kujua maji yanapita wapi. Akamwaga ndoo nzima polepole moja kwa moja ndani ya tundu la kutolea maji, sakafu ikiwa kavu, akanituma chini nikae nikiangalia dari kwa nusu saa. Hakuna kilichodondoka. Akaziba tundu kwa kitambaa, akamwaga maji sakafuni mpaka yakasimama. Dakika kumi na mbili, tone la kwanza likamwangukia mama kwenye meza.

"Bomba la kutoa maji liko sawa," akasema. "Lingekuwa ni bomba la kuleta maji, dari ingelia hata kama hakuna mtu anaoga. Hapa ni sakafu."

Hilo peke yake lilikuwa na thamani ya Sh500 zangu. Watu wengi mtaani huvunja sakafu nzima kutafuta bomba lililo zima.

Kisha akatoa sarafu ya shilingi ishirini na kuanza kugonga kigae kimoja kimoja, thelathini vyote, akisikiliza. Kigae kilichoshika vizuri hutoa mlio mfupi, mzito. Kilichoachia chini hulia kama mkebe mtupu. Kimoja karibu na tundu kililia hivyo. "Hiki ukikizungushia grauti mpya, kitaipasua wiki moja. Kila ukikikanyaga kinacheza. Lazima king'olewe kibandikwe upya kwanza."

Halafu akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye mistari. Akanyamaza kidogo.

"Unaosha hapa na nini?"

Nikamwonyesha kwa fahari. Mimi ni msafi, wasee wangu wanajua. Kila Jumamosi humwaga ile asidi ya choo inayouzwa kwenye chupa za soda zilizotumika, nikaiacha dakika kumi, kisha nikasugua kwa waya wa sufuria mpaka sakafu iwe nyeupe. Miaka miwili sasa.

Mzee hakusema kitu. Akachukua kipande cha grauti ya zamani kilichokuwa kimebanduka, akakiweka dirishani, akadondoshea matone mawili ya asidi yangu. Kikatoa povu na kulia tssss kama nyama kwenye kikaango.

"Umesikia?" akaniuliza. "Hiyo ndiyo Jumamosi yako."

Grauti ni kitu gani hasa

Kumbe ile mistari si urembo. Grauti ya kawaida ni simiti, mchanga laini sana na rangi. Simiti ina chokaa ndani yake, na asidi hula chokaa. Haijalishi ni asidi kali ya choo au siki ya jikoni, tofauti ni kasi tu. Kila Jumamosi nilikuwa nayeyusha utando mwembamba, kisha naung'oa kwa waya. Weupe niliokuwa nikiufurahia ulikuwa simiti mpya inayojitokeza baada ya ile ya juu kuondoka.

Kitu cha pili ambacho mzee alinieleza waziwazi: grauti haizuii maji yote. Ina vinyweleo, hunywa maji kidogo kila ukioga. Kazi ya kuzuia maji hasa ni ya tabaka la dawa ya kuzuia maji linalopakwa chini ya vigae wakati wa kujenga. Nyumba nyingi za zamani hazina tabaka hilo, au lilichoka zamani. Kwa hivyo grauti ikiwa nzima na sakafu ikiwa na mteremko kuelekea tunduni, maji mengi hukimbia kabla hayajazama. Grauti ikiisha, kila mstari unakuwa mtaro. Maji yanaingia chini ya kigae, yanaoza kitandio, yanafika kwenye slabu. Yakikaa humo miaka, yanafikia vyuma vilivyo ndani ya konkriti. Chuma kikishika kutu hufura, na kikifura konkriti hupasuka.

Ile chumvi nyeupe kwenye dari ya mama? Hiyo ni ishara ya maji yaliyopita ndani ya simiti yakiyeyusha chumvi zake, yakazitoa upande wa pili. Ukiiona kwako darini, usipake rangi juu. Panda uongee na jirani.

Je, nani alipe?

Nitasema ukweli. Kabla ya yale matone mawili ya asidi, nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia landlodi. Na nilikuwa na hoja. Sheria ya Ardhi ya 2012 inatambua kuwa mpangaji anaporudisha nyumba, hawajibiki kwa uchakavu unaotokana na matumizi ya kawaida, isipokuwa kama mmekubaliana vingine kwenye mkataba. Grauti ya miaka thelathini kuchoka ni uchakavu wa kawaida, hilo sina shaka nalo.

Lipo pia jopo la kusikiliza kesi za kodi chini ya Sura ya 296, lakini sheria hiyo inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Nionyeshe keja ya Ngara ya bei hiyo nihamie leo jioni.

Lakini asidi niliimwaga mimi. Ningeweza kunyamaza, mzee asingesema. Nilishuka chini nikamwambia mama ukweli, nikamlipa unga wake. Kwa landlodi nilituma picha za sakafu na ujumbe mfupi: nimegundua maji yanapita kwenye mistari, nitarekebisha kwa gharama yangu, lakini kigae kilichoachia na suala la dawa ya kuzuia maji chini ni la nyumba. Akajibu kwa dole gumba. Si ahadi, lakini ni kumbukumbu yenye tarehe. Siku ya kuhama nitaitoa.

Kazi yenyewe

Sasa tuingie kazini. Kama sakafu yako ni kama yangu, ni karibu mita kumi za mistari ukiacha pembeni mwa ukuta. Si nyingi, lakini magoti yatakukumbuka.

Kausha kwanza. Kile kigae kibovu mzee alikitoa kwa patasi ndogo, chini yake mchanga ulikuwa mweusi na umelowa chepechepe. Tuliuacha wazi siku mbili mpaka ukakauka, akakibandika tena kwa gundi ya vigae. Mimi siku hizo nilikuwa naenda kuoga kwa rafiki yangu Pangani na taulo begani kama mtu wa bodingi.

Kwangua. Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Grauti mpya haishiki juu ya ya zamani kama ni utando tu. Inahitaji kina ili ijikamate kwenye kingo za vigae. Unachimba angalau nusu ya unene wa kigae, ikiwezekana thuluthi mbili. Vigae vyangu vina unene wa milimita nane, kwa hivyo nilichimba milimita tano hivi kila mahali, hata palipoonekana pazima.

Mafundi wengi hutumia grainda. Kwa mtu anayejifunza, sekunde moja ya kuteleza na umekata kigae ambacho hakiuzwi tena popote. Mzee alinipa njia ya polepole: bledi ya msumeno wa chuma, upande mmoja nimeuzungushia tepu nene uwe mpini, unavuta kuelekea kwako katikati ya mstari. Pembeni na kwenye kona nilitumia bisibisi bapa. Usigonge kwa nguvu ukielekea kwenye kigae, kingo zinameguka. Ilinichukua jioni tatu.

Vaa miwani na barakoa. Vumbi la mchanga laini likiingia mapafuni mara nyingi huharibu mapafu kabisa, waulize wanaokata mawe. Nyunyizia mistari maji kidogo ili vumbi lisipae.

Osha. Toa vumbi lote kwa brashi, kisha sugua kwa maji na sabuni, kwa sababu mafuta ya sabuni za kuogea yakibaki grauti haitashika. Kama kuna ukungu mweusi, tumia dawa ya klorini ya kufulia iliyochanganywa na maji, suuza vizuri, acha hadi kesho yake. Na hili lisome mara mbili: usichanganye klorini na asidi ya choo, hata mabaki yake. Inatoa gesi ya sumu, na bafu la mita moja lisilo na dirisha kubwa si mahali pa kujaribu.

Koroga. Tumia grauti ya pakiti, si simiti nyeupe tupu. Simiti tupu hunywea ikikauka na kupasuka, ndiyo maana grauti huchanganywa na mchanga laini na dawa nyingine. Angalia upana wa mistari yako: ikizidi milimita tatu, chukua yenye mchanga. Yangu ni milimita tano. Weka maji kidogo kwanza, ongeza unga, fuata kipimo cha pakiti. Inatakiwa iwe nzito kama siagi ya njugu, ile inayokaa kwenye kijiko ukikipindua. Uji wangu wa mtoto ulikuwa kosa. Maji yakizidi, yanapokauka huacha matundu, grauti inakuwa dhaifu na unga unatoka ukisugua. Iache ipumzike dakika kumi, ikoroge tena bila kuongeza maji. Koroga kiasi unachoweza kumaliza kwa nusu saa.

Jaza. Lowesha mistari kidogo kwa sponji, maji yasisimame. Kuna mwiko wa mpira wa kazi hii, lakini mzee alikata kipande cha soli ya patipati kuukuu, akaniambia, "Hii imejenga nyumba nyingi." Sukuma grauti ndani ya mstari kwa nguvu kutoka pande zote mbili mpaka isiingie tena. Kisha vuta patipati kwa mshazari juu ya vigae ili usiichimbue. Anza kona ya mbali, rudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Inaonekana ni akili ya kawaida, lakini mimi nilianzia mlangoni. Vaa glavu, vidole vyangu vilikuwa ushahidi wa kutosha.

Futa. Ngoja dakika kumi na tano hadi ishirini, mpaka ukigusa kwa kidole isishike. Sponji iwe imekamuliwa sana, ndoo mbili za maji, futa kwa mshazari na suuza kila mara. Ukifuta mapema au kwa maji mengi utaitoa yote uliyoweka. Utando wa vumbi jeupe utakaobaki juu ya vigae unaufuta kwa kitambaa kikavu baadaye.

Acha ikomae. Hapa wengi tunajidanganya. Simiti haikauki kama nguo kwenye kamba. Hushikana na maji na kugeuka jiwe, kwa hivyo ikipoteza maji haraka inabaki nusu jiwe. Usiwashe feni, usifungue jua liingie. Baada ya saa chache nilitandika karatasi ya nailoni juu na kunyunyizia maji kidogo asubuhi na jioni. Sikuoga humo siku tatu. Rafiki wa Pangani akaanza kuniuliza kama nimehamia.

Kona ni silikoni. Pale sakafu inapokutana na ukuta, usijaze grauti. Sakafu na ukuta husogea tofauti, kidogo sana, lakini kinatosha kupasua simiti. Weka silikoni ya bafuni, na kuzunguka tundu la maji pia. Mahali pawe pakavu kabisa, lainisha kwa kidole kilichochovywa kwenye maji ya sabuni, acha siku nzima.

Ipo pia dawa ya kupaka juu ya grauti ili kuziba vinyweleo, hupakwa ikishakomaa kulingana na maelezo ya chupa. Na ipo grauti ya epoksi, ambayo haili asidi kirahisi wala kunywa maji. Ni ghali na hushika haraka, ukikosea imekukosea milele. Mzee aliniambia niiache kwa wenye mikono.

Hesabu

Grauti kilo mbili Sh360, na nusu yake ilibaki. Silikoni Sh400. Bledi mbili Sh160. Sponji mbili Sh100. Glavu na barakoa Sh120. Gundi ya kigae kimoja, ya kupimiwa, Sh140. Mzee Sh500. Jumla Sh1,780, ukiacha unga wa mama, na mandazi ambayo mzee alikula kwa hesabu yangu.

Ningeongeza na muda: wiki nzima na ushee, jioni zangu zote. Video za YouTube hufanya kazi hii kwa dakika nane. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili na sijawahi kufanya kazi ya mjengo, kwa hivyo sikuambii ni kitu kigumu. Nakuambia ni kitu kisichopenda haraka. Mara ya kwanza nilitumia dakika ishirini na nikapata siku kumi na saba.

Duara la penseli

Siku tuliyomaliza, mzee alishuka kwa mama na penseli. Akapanda kwenye kiti, akachora mstari kuzunguka lile doa la darini, pembeni akaandika tarehe. "Usipake rangi kwanza," akamwambia. "Doa likivuka mstari, mpandie huyu kijana. Lisipovuka, mwache alale."

Wiki ya kwanza nilikuwa nashuka kila nikimaliza kuoga, nywele bado zina povu, kuangalia dari ya watu. Mama akazoea. Ananiambia kabla sijafika mlangoni: "Bado, kijana."

Sasa ni miezi miwili. Doa halijavuka mstari, na katikati limeanza kukauka na kufifia. Sitadai nimemaliza shida. Chini ya vigae vyangu bado hakuna dawa ya kuzuia maji, na siku moja landlodi atalazimika kung'oa sakafu yote na kuipaka. Nimemwandikia hivyo pia. Kwa sasa unga wa mama ni mkavu.

Ile chupa ya asidi niliiondoa kwangu. Siku hizi naosha kwa sabuni ya kawaida na brashi ya nywele, na nikimaliza kuoga nasukuma maji tunduni kwa ule ufagio wa mpira. Dakika moja. Sakafu si nyeupe kama zamani, ni ya kijivu kidogo, kama grauti inavyotakiwa kuwa.

Na kama unatafuta keja mwezi huu, usiishie kuangalia kama maji yanatoka na umeme uko. Ingia bafuni, piga magoti, pitisha kidole kwenye mistari ya vigae. Gonga na mbao. Piga picha kabla hujatoa dipoziti, umtumie keateka siku hiyo hiyo. Halafu shuka floo ya chini, msalimie anayeishi hapo, na umwombe akuonyeshe dari yake.